i7 ya Zamani au i5 Iliyokuja Baadaye? Mwongozo kwa Mnunuzi wa Kompyuta ya Mtumba

Maandishi ya mazungumzo kwa wenye saiba, walimu wa vyuo vya ufundi na vikundi vya vijana



Kikundi cha vijana kinapopata mkopo wa kufungua saiba, sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kwenye mashine. Chuo cha ufundi kinapofungua darasa la kompyuta, hali ni ile ile. Mashine zikikosea, mkopo hausubiri. Marejesho huanza mwezi unaofuata, na mteja aliyekuja kujaza fomu ya HELB au kuwasilisha ritani ya KRA akiona kompyuta inazungusha duara tu, anavuka barabara na kwenda kwa jirani.

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwa bei nafuu nchini ni za mtumba. Zilitumika katika ofisi za ng'ambo, na ofisi hizo zilipobadilisha vifaa, zikauzwa. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Mashine za ofisi, kama HP Compaq Elite, HP EliteDesk na Dell OptiPlex, hutengenezwa ziwe imara, hufunguka kwa urahisi, na spea zake zinapatikana. Shida huanza pale mnunuzi anaposoma kibandiko kilichobandikwa mbele ya mashine, akaona "i7", akalipa bila kuuliza zaidi.

Ndiyo maana mazungumzo haya yanalinganisha prosesa mbili tu ambazo mnunuzi atazikuta dukani mara kwa mara: Intel Core i7-2600 na Intel Core i5-6500.

Namba inasema zaidi ya jina

Prosesa, au kichakataji, ndicho kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Katika jina lake, "i5" au "i7" huonyesha daraja ndani ya kizazi kimoja. Kizazi chenyewe husomwa kwenye namba inayofuata kistari. Namba yenye tarakimu nne, tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi. Kwa hiyo i7-2600 ni kizazi cha 2, na i5-6500 ni kizazi cha 6. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama 10400, soma mbili za kwanza: kizazi cha 10.

i7-2600 ilitoka mwanzoni mwa mwaka 2011. Bei yake iliyopendekezwa na Intel ilikuwa dola 294, bei ya mtu aliyetaka mashine yenye nguvu. i5-6500 ilitoka mwaka 2015 kwa dola 192, bei ya mashine ya kawaida ya ofisi. Kati yao kuna zaidi ya miaka 4. Swali la mnunuzi ni hili: je, mkubwa wa zamani anamshinda wa kawaida aliyekuja baadaye?

Kasi ya kazi

Prosesa zote mbili zina viini 4, yaani sehemu 4 zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. i7-2600 inaanzia gigahazi 3.4 na kupanda hadi 3.8. i5-6500 inaanzia gigahazi 3.2 na kupanda hadi 3.6. Ukitazama namba hizo peke yake, i7 imeshinda.

Lakini gigahazi huhesabu mapigo tu. Hazisemi ni kazi kiasi gani inafanyika katika kila pigo. Wakulima wawili wakipiga jembe kwa mwendo mmoja, mwenye jembe pana humaliza shamba kwanza. Kati ya kizazi cha 2 na cha 6, Intel ilipanua jembe. Ndiyo sababu i5-6500, ingawa gigahazi zake ni chache, huipita i7-2600 kwa karibu moja ya tano katika kazi zinazotegemea kiini kimoja. Kazi hizo ndizo nyingi katika saiba na ofisi: kufungua ukurasa wa eCitizen, kuandika barua, kujaza jedwali la mishahara.

i7-2600 ina silaha nyingine. Kila kiini chake kinaweza kushughulikia nyuzi 2 za kazi, hivyo jumla ni nyuzi 8, ilhali i5-6500 ina nyuzi 4 tu. Mfano wake ni mpishi mwenye jiko la sufuria mbili: maji yakisubiri kuchemka kwenye moja, anakoroga nyingine. Kazi inasonga mbele, ingawa mpishi hajawa wawili. Faida hii huonekana katika kazi nzito zinazogawanyika, kama kutayarisha video za harusi au kufinya mafaili makubwa. Huko, zile nyuzi 8 huirudisha i7-2600 mbioni, na mbili hizo hukaribiana sana.

Kwa ufupi, ile ya kizazi cha 6 hushinda kazi za kila siku, na katika kazi nzito hakuna anayemwacha mwenzake mbali.

Kuna jambo la usalama pia. Mnamo Januari 2018 dunia ilitangaziwa kasoro za usalama zilizoitwa Meltdown na Spectre, na prosesa hizi zote mbili ziliguswa. Marekebisho yalitolewa, lakini yalipunguza kasi kidogo, na Microsoft ilieleza kwamba prosesa za vizazi vya zamani zingeumia zaidi kuliko zile za kuanzia kizazi cha 6. Vilevile, i7-2600 haina seti ya maagizo iitwayo AVX2, ambayo baadhi ya programu mpya huihitaji ili zifanye kazi.

Picha na video

Prosesa zote mbili zina sehemu ya kuonyesha picha ndani yake, kwa hiyo kompyuta haihitaji kadi ya ziada. i7-2600 ina HD Graphics 2000, na i5-6500 ina HD Graphics 530. Hapa tofauti ni kubwa. Ile ya zamani huishia DirectX 10.1, na ile ya baadaye inafika DirectX 12. Video za mfumo wa HEVC, i5-6500 huzifungua kwa kutumia kifaa maalumu kilichomo ndani yake. i7-2600 hulazimisha viini vyake vifanye kazi hiyo yote, feni ikalia na stima ikaliwa. Kwa chuo kinachofundisha usanifu wa picha na video, hoja hii ina uzito.

Stima

Intel huandika kiwango cha joto ambacho mtambo wa kupoza lazima uweze kukiondoa. i7-2600 ni wati 95, na i5-6500 ni wati 65. Tofauti ni wati 30.

Chukua saiba yenye kompyuta 10 zinazofanya kazi saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Wati 30 kwa saa 260 ni uniti 7.8 kwa kila kompyuta, yaani uniti 78 kwa kompyuta zote 10. Hicho ni kikomo cha juu, kama kila mashine ingekimbia kwa nguvu zote kutwa nzima. Katika saiba hali haiwi hivyo. Mteja akisoma barua pepe, prosesa zote mbili hupoa na kutumia stima kidogo, hivyo tofauti ya kweli huwa ni sehemu tu ya uniti hizo. Mwenye saiba anayetaka kujua athari kwake achukue ujumbe wake wa mwisho wa tokeni, agawanye shilingi alizolipa kwa uniti alizopata, kisha azidishe. Asikubali muuzaji amtajie akiba ambayo hajaipigia hesabu.

Vinavyoizunguka prosesa

Ununuzi ni wa mashine nzima. Kompyuta za kizazi cha 2 hutumia RAM ya DDR3. Nyingi za kizazi cha 6 hutumia DDR4, yenye kasi zaidi. RAM hizi haziingiliani: ukinunua DDR4 kwa ajili ya i7-2600, haitaingia kwenye nafasi yake. Aidha, mashine kama HP EliteDesk 800 G2 na Dell OptiPlex 7040, za kizazi cha 6, zina nafasi ya M.2 ya kuchomeka diski ndogo yenye kasi kubwa. HP Compaq 8200 Elite ya kizazi cha 2 hutegemea diski ya SSD ya kawaida inayounganishwa kwa waya wa SATA.

Hata hivyo, diski na RAM huweza kupindua matokeo yote yaliyotajwa hapo juu. i7-2600 yenye SSD na RAM ya GB 8 itampendeza mtumiaji kuliko i5-6500 yenye diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4. Kompyuta nyingi zinazolaumiwa kuwa nzito hazina kosa kwenye prosesa, zinasubiri diski. Kwa hiyo mwenye i7-2600 ambayo tayari iko dukani kwake asikimbilie kuiuza. Aweke SSD kwanza, kisha apime.

Habari ya Windows

Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wa Intel, inatambua rasmi prosesa za kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache. Kwa hiyo hakuna kati ya hizi mbili iliyomo katika orodha rasmi. Muuzaji anayesema "hii imewekwa Windows 11" huenda amepitia njia ya mkato, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kutoa pesa.

Njia mbili zipo. Ya kwanza ni mfumo wa Linux, kama Ubuntu au Linux Mint. Ni wa bure, unaendelea kupata marekebisho ya usalama, na unazikubali prosesa hizi zote. Huduma zinazofunguliwa kwa kivinjari hufanya kazi humo. Mwenye biashara ajaribu kwanza printa, skana na programu anazozitegemea. Ya pili, kwa anayelazimika kutumia Windows 11, ni kuongeza fedha na kutafuta kizazi cha 8, kwa mfano Core i5-8500 ya mwaka 2018, yenye viini 6.

Saiba hushughulikia namba za vitambulisho na nywila za wananchi. Kuwahudumia kwa mfumo usiopata marekebisho ya usalama ni kuwaweka hatarini.

Hesabu ya thamani

Bei hubadilika kutoka duka hadi duka, kwa hiyo namba zifuatazo ni za kuonyesha hesabu tu. Tuseme mashine ya i5-6500 inazidi ile ya i7-2600 kwa shilingi 3,600, zote zikiwa na SSD na RAM sawa. Kompyuta ikitumika miaka 3, hiyo ni miezi 36, yaani shilingi 100 kwa mwezi kwa kila mashine. Kwa saiba yenye wateja wa kutwa, shilingi 100 hurudi kwa ukurasa unaofunguka haraka na stima inayopungua. Hapo i5-6500 inafaa.

Tofauti ikiwa kubwa, jibu hugeuka. Chuo chenye bajeti finyu kinachofundisha kuandika na kutumia majedwali kinahitaji viti vingi kuliko kasi. Ikiwa fedha zilezile zinanunua mashine 8 za i7-2600 zenye SSD badala ya mashine 6 za i5-6500, wanafunzi 2 zaidi wanapata kiti, na hakuna atakayekosa somo kwa sababu ya prosesa. Bei zikiwa sawa, au i7-2600 ikiwa ghali zaidi kwa sababu ya jina lake, chukua i5-6500 bila kusita.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi aombe mashine iwashwe mbele yake. Afungue mipangilio ya Windows, sehemu ya mfumo, asome jina kamili la prosesa. Kibandiko cha nje si ushahidi, kwani hubanduliwa na kubandikwa. Aangalie pia herufi ya mwisho. i5-6500T, inayopatikana sana katika kompyuta ndogo za mezani, ni ya wati 35 na inaanzia gigahazi 2.5. Ni nzuri kwa kuokoa stima, lakini kasi yake ni ndogo kuliko i5-6500, na bei ifuate hivyo.

Kisha aulize aina ya diski na kiasi cha RAM, aache mashine iwake angalau nusu saa huku video ikicheza, asikilize feni, na ajaribu matundu yote ya USB. Mwisho adai risiti yenye namba ya mashine, jina kamili la prosesa na muda wa waranti. Kikundi kinachonunua nyingi kikague kila moja, kwa sababu mashine 10 zenye umbo moja huweza kuwa na matumbo tofauti.

Mashine zitakazoondolewa zisitupwe jaani wala kuchomwa. Zina madini yanayodhuru udongo na maji. Zipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye leseni ya NEMA, baada ya kufuta taarifa za wateja kwenye diski.

Mnunuzi anayeingia dukani akiwa na maswali manne, yaani kizazi gani, diski gani, RAM kiasi gani na mfumo gani, hatauziwa jina.