Kasri la Chambord na Jasho la Wakulima



Mgeni afikapo Chambord, karibu na mto Loire nchini Ufaransa, huonyeshwa kwanza ngazi mbili zilizosokotana, ambazo apandaye na ashukaye huweza kuonana bila kukutana. Ni kazi ya mafundi hodari, na sifa yao wapewe. Lakini mwenye nia ya kujifunza na aanzie ukutani.

Ukuta huo, wenye urefu wa kilomita 32, umezingira hekta 5,440, takriban nusu ya eneo la jiji la Paris. Mfalme François wa Kwanza alianza kulijenga kasri hilo mwaka 1519 kwa ajili ya uwindaji. Lina vyumba zaidi ya 400. Naye, katika utawala wa miaka 32, hakukaa humo hata siku mia! Wanyama wa mfalme na wa makabaila walilindwa kwa sheria. Mkulima aliyeliwa mazao yake na kulungu hakuwa na ruhusa ya kumwua. Haki hiyo ya kikabaila ilifutwa usiku wa tarehe 4 Agosti, 1789.

Tangu miaka ya 1930 kasri ni mali ya dola. Makanisa nayo, yale yaliyojengwa kabla ya sheria ya mwaka 1905, mengi ni mali ya halmashauri za vijiji. Mapadri huyatumia kwa ibada tu. Paa likivuja, anayeulizwa si askofu bali ni mwenyekiti wa halmashauri, ambaye fungu lake ni dogo na shule nayo inamngoja.