Mlango wa Chuo Hufunguliwa Kijijini

Mada kwa viongozi wa walei wa Nachingwea na Ruangwa



Mwaka 2009 Kanisa Katoliki lilianzisha mjini Mtwara Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, kilicho sehemu ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Tanzania. Kabla ya hapo, kijana wa kwetu aliyetafuta shahada aghalabu alilazimika kwenda Dar es Salaam, Morogoro au mbali zaidi. Sasa hupita Masasi au Nanganga, akafika. Lakini hatuna budi kujiuliza: chuo hicho ni cha nani?

Kanisa limekwisha kujibu. Katika hati ya Ex Corde Ecclesiae ya mwaka 1990, Papa Yohane Paulo II alivitaka vyuo vikuu vya Kikatoliki viwafikie hasa maskini na wale waliozoea kukosa elimu hiyo, na viheshimu uhuru wa dhamiri wa wasio Wakatoliki waliomo ndani yake. Nayo Katiba ya nchi yetu, ibara ya 11, humpa kila raia uhuru wa kutafuta elimu hadi upeo wowote, kwa kadiri ya stahili na uwezo wake. Basi chuo cha Kanisa si cha Wakatoliki peke yao. Ni cha Mmwera na Mmakonde, Myao na Mmakua, Mkristo na Mwislamu, msichana na mvulana, mzima na mwenye ulemavu.

Kanuni moja, mizigo tofauti

Hata hivyo, kutamka kwamba mlango uko wazi hakutoshi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba mwanafunzi asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita, bali kwanza afanye kazi. Kanuni ilikuwa moja kwa wote, na nia yake ilikuwa njema. Lakini wasichana waliojiunga na chuo walipungua, kwa kuwa miaka ile ya kungoja ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Ikabidi kufikia mwaka wa masomo 1976/77 wasichana waondolewe sharti hilo. Hapo twajifunza kwamba kuwapa watu wote sharti lile lile si lazima kuwe kuwatendea haki.

Vikwazo vya kwetu

Tuangalie sasa vijiji vyetu. Anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Yatima hutakiwa kuonyesha cheti cha kifo cha mzazi. Je, ni wangapi kwetu tunaoandikisha vifo? Tunazika, tunaomboleza, tunarudi shambani. Miaka kumi baadaye mtoto huyo hana karatasi ya kuthibitisha uyatima wake, na mtoto mwenye wazazi wawili aweza kuonekana mhitaji kuliko yeye. Hapo hakubaguliwa na chuo. Ameachwa na sisi.

Cha pili ni majira ya fedha. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, ilhali minada ya korosho huanza yapata Oktoba. Vyuo navyo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Fedha ya ufuta huja mapema ikatumika yote, na ya korosho aghalabu hulipwa wakati mwanafunzi ameshadaiwa ada.

Cha tatu ni fikra zetu. Tangu Novemba 2021 Serikali imemruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, lakini wapo wazazi wanaosema huyo amekwisha. Na mtoto asiyeona au asiyesikia huwekwa nyumbani kana kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikutungwa kwa ajili yake.

Mfuko wa parokia

Sasa niseme jambo lililo gumu. Panapokuwa na mfuko wa elimu wa parokia, huzuka hoja kwamba fedha ya waamini iwasaidie waamini tu. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Fedha hiyo ni jasho la wakulima, nayo ni kidogo. Lakini jirani yetu Mwislamu hulima nasi, hutusaidia kuzika, hutuuguza. Tukimwambia kwamba chuo ni cha wote, kisha mfuko ukamwuliza mwanawe cheti cha ubatizo, atasadiki lipi: neno letu au tendo letu?

Napendekeza kipimo cha kwanza kiwe uhitaji, na familia zipimwe kwa maswali yale yale. Pale ambapo fedha haitoshi, ipo huduma isiyogharimu fedha nyingi: kuwasaidia watu kupata vyeti. Mtoto Mkristo asiye na cheti cha kuzaliwa aweza kutumia cheti cha ubatizo kama ushahidi mmojawapo. Mwenzake Mwislamu atahitaji kadi ya kliniki, cheti cha shule, au barua ya mtendaji wa kijiji. Tukiwa na mtu wa kumwandikia Petro, na amwandikie Hamisi pia.

Nacho chuo tukiulize bila woga: mwenye kiti cha magurudumu anaingiaje darasani? Mwislamu anaswali wapi? Msichana anayenyonyesha anapewa nafasi gani? Kuuliza hivyo ni wajibu wa watu wenye chuo chao.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni watoto wangapi wasio na cheti cha kuzaliwa? Ni vifo vingapi vya wazazi ambavyo havijaandikishwa?
2. Tufanyeje ili sehemu ya fedha ya ufuta iwekwe akiba hadi chuo kifunguliwe?
3. Mfuko wetu wa elimu, kama upo, humsaidia nani, na humwacha nani?

Majibu yaandikwe na kuletwa katika kikao kijacho cha halmashauri ya walei, pamoja na jina la mtu atakayesimamia vyeti katika kila kigango.