Muhogo na Shahada ya Biokemia

Kaeni vizuri, mfungue vitabu. Neno letu la leo ni refu: bi-o-ke-mi-a. Lisomeni tena: biokemia. Ni elimu ya kemia iliyomo ndani ya vitu vyenye uhai, kama mtu, ng'ombe na mmea.

Huenda mwanao amemaliza kidato cha sita, amefaulu Kemia na Baiolojia, naye anasema, "Baba, nataka kusoma biokemia katika chuo kikuu cha binafsi." Wewe unawatazama ng'ombe zizini, unajiuliza elimu hiyo itafaa nini. Swali lako ni la haki. Na tulijibu kwa muhogo.

Muhogo mchungu una sumu. Ndani ya mzizi sumu hiyo imefungwa, na kitu cha kuifungua, kiitwacho kimeng'enya, kimekaa chumba kingine. Ukiuloweka muhogo mpaka ulainike, kuta za vyumba hivyo huvunjika. Kimeng'enya huikuta sumu, huifungua, nayo hutoka kama hewa ikaenda zake. Lakini ukiumenya tu na kuanika vipande vinene, sumu nyingi hubaki. Mama zetu walijua kuloweka tangu zamani. Wenye biokemia walieleza sababu yake.

Mwaka 1985 ukame uliishika Tarime. Watu wenye njaa walikula muhogo usiotayarishwa vya kutosha, na baadhi yao miguu ikakakamaa ghafula, isipone. Ugonjwa huo huitwa konzo. Mwili huishinda sumu ya muhogo kwa salfa, nayo hupatikana katika maharage, samaki na nyama. Basi aliyekula ugali mtupu ndiye aliyeumia zaidi. Baadaye wataalamu waligundua njia nyepesi: changanya unga wa muhogo na maji, utandaze mwembamba, uuache juani saa 2 au kivulini saa 5, kisha upike siku ile ile. Sumu nyingi huwa imetoka.

Mambo ya namna hiyo ndiyo mwanao atakayosoma, kwa kawaida miaka 3, na saa nyingi atakuwa maabara. Msidhani atarudi daktari. Hatatibu wagonjwa, na hata kupima damu hospitalini kuna masomo yake mengine. Kazi yake ni kupima chakula, maji na dawa, au kufanya utafiti, au kufundisha. Mwambieni hayo mapema, maana wengi huingia wakitumaini koti la daktari.

Sasa fedha. Bodi ya Mikopo huwakopesha hata wanafunzi wa vyuo vya binafsi, ila mkopo huenda usifikie ada yote, na hulipwa baadaye. Tena, Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo. Mwaka 2017 Tume hiyo ilivizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wapya. Kwa hiyo tafuteni humo majina mawili: la chuo na la shahada. Chuo kikiwamo lakini shahada haimo, ng'ombe asitoke zizini.

Haya, shikeni kalamu mwandike: ada, shahada, kimeng'enya. Kwaherini mpaka kipindi kijacho.