Barua ya Kukataliwa Si Mwisho

(Hotuba ya Katibu kwa wanachama wa Thika na Ruiru)



Kati yetu hapa wapo waliokimbia vita, nasi twafanya nao kazi bega kwa bega. Mmoja wao akipata barua ya kukataliwa ukimbizi, hudhani mambo yamekwisha. Sivyo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 47, yasema kila mtu ana haki ya kutendewa kwa uadilifu na ofisi za serikali, na ya kupewa sababu kwa maandishi. Haikusema kila raia; imesema kila mtu. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 nayo yampa siku 30 za kukata rufaa mbele ya Kamati ya Rufaa. Akishindwa huko, kuna Mahakama Kuu, ambayo ina kituo hapa hapa Thika.

Lakini tuelewane. Jaji anapokagua uamuzi wa ofisi haulizi, "Ningekuwa mimi ningemkubali?" Huuliza: Je, alisikilizwa? Alielewa lugha? Alipewa sababu? Aliyeamua alikuwa na mamlaka? Ninyi mwayajua haya. Sheria ya Kazi ya 2007 yamkataza tajiri kumfukuza mtu kwa kosa bila kumsikiliza kwanza. Njia ikiwa imekosewa, jaji hufuta uamuzi, na kwa kawaida huurudisha ofisini ukafanywe upya.

Haya si maneno matupu. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wa mijini wahamie kambi za Dadaab na Kakuma. Kituo cha Sheria na wakimbizi wenyewe wakashitaki, na tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja akaifuta amri ile.

Wengine huuliza, "Yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Mtu asiye na cheti hulipwa kidogo na hathubutu kulalamika, na mshahara wake mdogo huushusha wa kwako.

Basi ukimwona mwenzako ameshika barua hiyo, mwambie: asiitupe, aandike juu yake siku aliyoipokea, atafute wakili upesi, asingoje siku ya 29. Kama hana fedha, Kituo cha Sheria husaidia wasiojiweza bila malipo. Akiogopa kwenda peke yake, mmoja wetu amsindikize. Hiyo ndiyo maana ya chama.