Kazi Uliyoifanya Ni Mali Yako: Iandike

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu la Mombasa)



Leo tumeombwa tuseme juu ya karatasi ya kuombea kazi. Wenye elimu huiita wasifu, na vijana wetu huiita sivii. Lakini jina si kitu. Ni ile karatasi inayomfikia tajiri kabla wewe mwenyewe hujamfikia. Tajiri haoni uso wako wala hajui mikono yako inaweza nini. Anaona karatasi tu, nayo imelala katika rundo la karatasi za watu wengine.

Kwa nini tunasema jambo hili hapa Mombasa? Reli mpya ilipoanza kubeba makontena kutoka bandarini mwaka 2018, kazi za malori na za yadi zilipungua. Madereva, makuli, makarani wa kuhesabu mizigo, walinzi na mama zetu wa kantini, wote waliguswa. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, na mahoteli ya pwani yakafunga milango. Wengi walioachishwa walikuwa wamefanya kazi mahali pamoja miaka kumi au zaidi, lakini hawakuwa na hata mstari mmoja ulioandikwa juu ya kazi hiyo. Mtu amebeba mzigo wa kampuni nusu ya maisha yake, na siku ya kutafuta kazi nyingine anaonekana kama aliyeshuka jana kutoka basi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi nayo ni mali, tena ndiyo mali pekee ya wengi wetu.

Ndugu zangu, zamani kulikuwa na karatasi ya kazi, lakini haikuwa yetu. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuwa na karatasi yenye alama za vidole vyake, akaivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Tajiri ndiye aliyeandika humo: tarehe ya kumwandika mtu, aina ya kazi, mshahara, na tarehe ya kumwacha. Mtu aliyeondoka bila sahihi ya tajiri wake aliitwa mtoro na kutafutwa na polisi. Na tajiri mpya aliposoma mshahara wa zamani, hakuona sababu ya kutoa zaidi. Harry Thuku na wenzake walipiga kelele juu ya mambo haya mwaka 1921 na 1922, na sheria nyingine ya kuandikisha watu ilitungwa mwaka 1947.

Tunayakumbuka hayo kwa sababu moja. Kipande kilikuwa habari za kazi yako zilizoandikwa na mkono wa mtu mwingine. Leo kalamu iko mkononi mwako. Je, tunaitumiaje? Wengi wetu tunakwenda saiba, tunamwambia kijana, "Niandikie sivii." Kijana ana karatasi moja katika mashine yake. Anafuta jina la mtu wa jana, anaweka lako. Juu anaandika kwamba wewe ni mchapakazi, mwaminifu, unapenda kushirikiana na wenzako. Maneno hayo hayo yamo katika karatasi ya jirani yako, na ya jirani yake. Tajiri akisoma karatasi hamsini zenye maneno mamoja, hamjui hata mtu mmoja. Basi umeitupa kalamu kwa hiari yako, ukamwachia mwingine akuandike tena.

Sasa tusikizane vizuri juu ya namna ya kuandika.

Kwanza, andika kazi, usiandike cheo peke yake. Ukisema "nilikuwa karani," hujasema kitu. Karani wa nini? Alifanya nini kutwa? Tazameni mfano huu:

"Januari 2012 hadi Juni 2019. Karani wa kuhesabu mizigo, yadi ya makontena, Changamwe. Kuandika kila kontena lililoingia na kutoka. Kulinganisha namba zake na karatasi za meli. Kukagua sili. Kuandika ripoti ya mzigo ulioharibika. Zamu za mchana na za usiku. Tangu 2016, kuwafundisha makarani wapya."

Hakuna sifa hata moja hapo, lakini kila msomaji anaona kwamba mtu huyu ni mwangalifu na aliaminiwa. Vivyo hivyo dereva wa foklifti aandike ni foklifti ya tani ngapi, na miaka aliyoendesha bila ajali kama ni kweli. Mama wa kantini aandike alipikia watu wangapi kwa zamu, na kama ndiye aliyenunua vyakula na kutunza hesabu yake. Mlinzi aandike kama alishika daftari la lango. Hesabu na tarehe zina nguvu kuliko sifa, maana sifa mtu anaweza kujipa bure.

Pili, anza na kazi ya karibuni, kisha urudi nyuma. Juu kabisa weka jina lako kama lilivyo katika kitambulisho, namba ya simu inayopatikana, na mahali unapokaa. Kisha kazi. Kisha masomo na vyeti. Mwisho majina ya watu wawili au watatu watakaokushuhudia, nao uwaombe ruhusa kwanza, wasije wakapigiwa simu wakauliza, "Nani huyo?" Kurasa mbili zinatosha kabisa. Isome tangazo la kazi kabla ya kutuma, na yale wanayoyataka ambayo wewe unayo, yapandishe juu yaonekane. Tena uandike kwanza kwa Kiswahili, polepole, ukiwa nyumbani. Yakishakuwa sawa ndipo utafute mtu akusaidie kuyatia katika Kiingereza, ikiwa tajiri anataka Kiingereza.

Tatu, usiandike yasiyomhusu tajiri. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyi kazi, na hata yule anayeomba kazi tu, kwa sababu ya kabila, dini, jinsia, ulemavu, mimba, hali ya virusi vya UKIMWI na mambo mengine kama hayo. Basi kwa nini ujaze karatasi yako kabila, dini na idadi ya watoto? Nafasi hiyo ni ya kazi. Na mwaka 2022 sheria hiyo iliongezwa kwamba mwajiri asidai vyeti vya kibali, kama vile cha kodi au cha tabia njema, ila kwa mtu ambaye ana nia ya kumwandika. Watu wetu wamekuwa wakitumia nauli na ada kukusanya vyeti hivyo kwa kazi ambayo hata hawakuitwa kuulizwa maswali. Jueni haki yenu.

Nne, usiseme uongo. Hapa tunasema kwa ukali kidogo, maana ni jambo la kuumiza. Mtu akikosa kazi mara kumi, anashawishika kununua cheti au kuongeza miaka. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uchunguzi wake umegundua vyeti vya bandia zaidi ya 2,000 katika ofisi za serikali. Kughushi ni kosa la jinai, na mtu anaweza kufungwa. Chama kinaweza kusimama na mwanachama aliyeonewa, lakini ni vigumu sana kusimama na aliyeingia kazini kwa cheti cha uongo. Kama una ufundi lakini hukusoma, iko njia ya halali. NITA inatoa mitihani ya ufundi, gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, na hata aliyejifunza chini ya mwembe kwa fundi mwingine anaweza kufanya mtihani huo. Cheti cha namna hiyo hakimwogopi mtu yeyote. Na kama kuna miaka ambayo hukuwa na kazi, iache wazi au useme ulifanya nini: ulilima, uliuza samaki, ulimuuguza mzazi. Hakuna aibu katika hayo.

Sasa tuje kwenye uthibitisho, maana karatasi bila uthibitisho ni maneno tu. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Kazi kinasema mwajiri lazima ampe mfanyi kazi cheti cha utumishi anapoacha au kuachishwa kazi, ikiwa amefanya kazi majuma manne mfululizo au zaidi. Cheti hicho kitaje jina na anwani ya mwajiri, jina lako, tarehe uliyoanza, kazi uliyofanya na mahali pake, na tarehe uliyomaliza. Hata aliyefukuzwa ana haki ya kukipata. Mwajiri anayekataa kwa makusudi au kwa uzembe, au anayeandika humo jambo analojua ni uongo, anafanya kosa, na anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa miezi isiyozidi sita, au yote mawili.

Lakini angalieni: sheria haimlazimishi mwajiri akusifu. Hana lazima ya kuandika barua ya kusema ulikuwa hodari. Ndiyo maana tunarudia kwamba habari za uhodari wako uziandike wewe, kwa kutaja kazi uliyoifanya. Cheti chake kithibitishe tarehe na mahali, nawe ujaze yaliyobaki kwa kweli. Tusiombe cheti hiki kama sadaka. Tuombe kwa barua, tubaki na nakala. Akikataa, mje ofisi ya tawi, na tutakwenda pamoja kwa Afisa wa Kazi.

Vibarua watasema, "Hayo ni ya watu wa mwezi. Sisi tunaitwa langoni asubuhi na kulipwa jioni." Ndugu zetu, mgagaa na upwa hali wali mkavu, lakini naye aweke hesabu ya samaki wake. Sheria hiyo, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, huhesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi. Sasa utaonyeshaje siku hizo kama hukuziandika? Nunua daftari dogo. Kila jioni andika tarehe, mahali, kazi, jina la msimamizi na malipo. Tunza ujumbe wa M-Pesa uliolipwa nao. Omba taarifa yako ya michango ya NSSF, maana inaonyesha ni mwajiri gani aliyekulipia na miezi gani, na mwajiri ambaye hakulipa ataonekana pia. Daftari hilo litakusaidia mara mbili: siku ya kudai haki yako, na siku ya kuandika wasifu wako.

Liko swali moja ambalo wanachama wametuuliza kwa sauti ya chini. Mtu aliyekuwa mwakilishi wa wafanyi kazi katika kiwanda, je, aandike jambo hilo, au alifiche asije akaogopwa? Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mfanyi kazi au mtu anayetafuta kazi kwa sababu ya chama. Hata hivyo sisi si watoto. Tunajua kwamba tajiri anaweza kuitupa karatasi asiseme sababu. Kwa hiyo hatumlazimishi mtu, kila mmoja apime mwenyewe. Lakini tunasema wazi kwamba ile nayo ni kazi. Mtu aliyesikiza malalamiko ya wenzake, akasoma mkataba wa pamoja akauelewa, akakaa mezani na wakubwa wa kampuni na kurudi na jibu bila ugomvi kutokea, mtu huyo ana ujuzi ambao wengi waliosoma hawana. Akitaka kuuandika, auandike kama kazi nyingine zote: tarehe, mahali na alichofanya. Na chama kitamshuhudia.

Tena jihadharini na watu wanaouza kazi. Karatasi nzuri haihitaji kusindikizwa na bahasha. Anayekuambia utume pesa kwanza ndipo jina lako liingie katika orodha, mara nyingi hana orodha wala kazi. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, uliza ofisi ya tawi.

Ndugu wanachama, hatuwezi kuwaahidi kwamba kila atakayeandika vizuri atapata kazi. Kazi ni chache, na karatasi haizai kazi. Kuongezwa kwa nafasi na mishahara bora ni vita vya chama, tena tunavipigana pamoja. Lakini mtu asikose kazi aliyoiweza kwa sababu tu kwamba hakuna aliyejua anaiweza. Hilo liko katika uwezo wetu.

Kwa hiyo kamati inawaomba mambo matatu kabla ya mkutano ujao. Kila mwanachama, hata aliye kazini leo, aandike ukurasa mmoja wa kazi zote alizofanya tangu ujana wake. Kila aliyeachishwa bila cheti cha utumishi alete jina la mwajiri na tarehe zake ofisini. Na kila anayejua kusoma na kuandika vizuri akae na mwenzake mmoja asiyejua, amwulize na kumwandikia maneno yake mwenyewe kama anavyoyasema, asimtungie. Aliyefanya kazi ndiye mwenye kuisema.



UMOJA NI NGUVU.