Wenzetu wa kazi na sisi tuliotoka Zambia



Katika mkutano uliopita tulilia sana juu ya wenzetu wa kazi. Leo tujiangalie na sisi.

Vita vilituvukisha mpaka. Tulikaa Kala, Mwange, Meheba. Wengine wetu wakamaliza sekondari za kule. HCR ilipoanza kuturudisha Katanga mwaka 2007, tulirudi na watoto, masufuria na Kiingereza. Lakini Kamina mwenye kazi anauliza diploma ya Leta.

Walimu wa D6 tunaokaa nao chumba kimoja walisoma kwa taabu. Wazazi waliuza mahindi ili mtoto afanye Exetat. Sisi tunaingia siku ya kwanza tunasema nini? "Kule Zambia hatufanye hivi." Kesho yake tena, kule Zambia. Mpaka wakatuita "bale ba Kule Zambia". Tulikasirika, kumbe jina tulijipatia wenyewe.

Na wao pia wana lawama yao. Mmoja wetu alifundisha Kiingereza miaka miwili katika sekondari moja bila matrikile, akila prime ya wazazi tu, na wenzake wanasema eti cheti chake ni cha kambini. Hesabu ni nyepesi: Zambia alisoma miaka 7 ya msingi na 5 ya sekondari, huku ni 6 na 6. Pote ni 12! Lakini bila ekivalansi hesabu hiyo hailishe mutu. Na karatasi hiyo inatoka Kinshasa, ambako treni yetu haifike: inaishia Ilebo, halafu ni maji.

Aliyemsaidia hakuwa mmoja wetu. Ni mama mmoja wa D6 waliyekaa naye benchi moja. Alimwandikia barua kwa Kifaransa, akaivunja, akaandika tena, mara tatu. Naye akamfundishia binti yake Kiingereza. Hawakulipana hata franka.

Tangu hapo tunakutana nao kila Jumamosi mchana: sisi tunatoa Kiingereza, wao wanatufundisha Kifaransa cha barua. Wengine wetu bado wanaona haya kuketi mbele ya mtu waliyemcheka. Waje tu, viti viko.

Wafadhili wetu, zimebaki faili tano za kutuma, na chaki imeisha. Ya sita imerudi wiki jana na muhuri wake. Mwenyewe yuko pale nyuma, anacheka.