Vinundu vya Maharagwe na Mkopo wa CAN
(Maneno yaliyosomwa na kamati ya kilimo siku ya sherehe ya miaka 10 ya kikundi)



Tumepewa dakika chache na chai inangoja, kwa hivyo tuna jambo moja tu: mkopo wa mbolea ya maharagwe. Mahindi yanahitaji CAN, hilo hatubishi. Lakini mama akikopa pesa za CAN ya maharagwe, akivuna analipa deni kwanza, na watoto wanabakiwa na kidogo. Nayo maharagwe yanaweza kujitafutia chakula hicho yenyewe.

Hewa tunayovuta, asilimia 78 ni naitrojeni, kitu kile kile tunachonunua kwenye mfuko wa CAN. Mmea hauwezi kuichukua hewani. Ila wako bakteria wa udongoni, wanaitwa rizobia, ambao huingia kwenye mizizi ya maharagwe, na mizizi ikaota vinundu. Humo huigeuza naitrojeni ikawa chakula cha mmea, nao mmea huwalipa sukari. Wataalamu wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, walilieleza jambo hili tangu miaka ya 1880. Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwachunguza bakteria hawa kwa miaka mingi, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa Biofix, ile ya pakiti.

Kabla ya kukimbilia pakiti, chimbeni mmea mmoja unapoanza kutoa maua. Chimbeni kwa jembe, msivute, maana vinundu hukatika vikabaki chini. Pasueni kimoja kwa ukucha. Ndani kukiwa kwekundu kama nyama, bakteria wako kazini. Kukiwa kweupe au kijani, hakuna kazi inayofanyika. Mwenye vinundu vingi vyekundu hana haja ya kununua pakiti. Tena akimwaga CAN hapo, mmea hupunguza vinundu, kwa sababu umepata cha bure!

Anayenunua aangalie tarehe ya mwisho, na pakiti iwe ya maharagwe. Ya soya haifai, kila jamii ya mimea na bakteria wake. Hawa ni viumbe hai, jua linawaua. Tuliona duka moja limezianika pakiti dirishani. Hapo unauziwa vumbi. Nyumbani, lowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari au ile gundi inayokuja na pakiti, changanya kivulini, panda siku hiyo hiyo na ufukie mara moja. Mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu inaweza kuwaua pia.

Lakini tusidanganyane. Maharagwe ni mvivu kuliko soya na kunde katika kazi hii. Shamba moja yatanenepa, jingine usione tofauti. Fosfeti bado itahitajika, rizobia hawaitengenezi, na udongo wenye asidi nyingi unataka chokaa kwanza.

Tunajua wako wanaosema kamati inataka kuwanyima akina mama pesa, hasa wale wanaokodi mashamba na hawawezi kupoteza msimu hata mmoja. Kwa hivyo ombi letu ni hili: mvua ijayo, wanachama watano wapande mistari miwili yenye Biofix, miwili bila, na miwili yenye CAN. Pakiti zitoke kwenye mfuko wa kikundi, si kwa mkopo. Mavuno yapimwe kwa mizani yetu mbele ya wote, kisha mkutano uamue kuhusu mkopo wa CAN. Wanaojitolea wajiandikishe kwa katibu leo kabla ya kuondoka.